Kabla ya kuongeza nguvu, mnara usikilize simu

Katika vijiji vingi vya Kivu, Ituri na Tanganyika, rezo ina anwani yake. Kuna kilima, kuna mwembe, kuna kona ya ukuta wa kanisa ambapo watu huenda kusimama ili simu ishike. Ukisogea hatua mbili, sauti inakatika. Wakaaji wamezoea hali hiyo, na wanapolalamika hupewa majibu yale yale: nguvu ya mnara itaongezwa, mnara mwingine utajengwa, 5G iko njiani.

Majibu hayo yanaacha pembeni jambo ambalo wahandisi wamelifahamu kwa zaidi ya miaka 20. Mnara wenye antene kadhaa haupati faida yake kwa kurusha nguvu nyingi. Unaipata pale simu inapouambia, kwa maneno machache sana, jinsi mawimbi yalivyofika. Maneno hayo tayari yanatumwa kila siku na simu za 4G zilizo mikononi mwa wakaaji wa Goma, Bukavu, Uvira, Beni na Bunia. Kampuni za simu zinapaswa kuyatumia vizuri zaidi, na mamlaka ya udhibiti, ARPTC, inapaswa kuyadai.

Hatua mbili zinazokata simu

Ili kuelewa, ni vizuri kuanza na zile hatua mbili. Mawimbi ya simu hayafiki kwa njia moja. Mengine yanakuja moja kwa moja, mengine yanagonga mlima, bati la nyumba au maji ya ziwa, kisha yanafika yamechelewa kidogo. Yakikutana yakiwa yanapanda pamoja, sauti inapata nguvu. Yakikutana moja likipanda na lingine likishuka, yanauana. Kwa masafa ya megahezi 900, wimbi moja lina urefu wa sentimita 33 hivi. Kwa megahezi 1800, ni sentimita 17. Ndiyo maana kusogea kidogo tu kunatosha kupoteza au kupata rezo, hata kama mnara unaonekana kwa macho.

Sasa mnara ukiwa na antene nne, unaweza kupanga mawimbi ya antene zote yafike kwenye simu yakipanda pamoja. Wavuvi wa ziwa Kivu wanaimba ili makasia yaingie majini kwa wakati mmoja. Wakipiga kila mtu kwa wakati wake, chombo kinayumba na nguvu inapotea. Antene ni hivyo hivyo. Zikipangwa sawasawa, antene nne zinazogawana nguvu ile ile ya umeme zinaweza kuifikishia simu ishara yenye nguvu mara nne kuliko antene moja. Zisipopangwa, faida hiyo inapotea hewani.

Shida ni kwamba mnara haujui njia ambayo mawimbi yake yanapitia hadi kwa mtu aliye Walungu au Lubero. Katika masafa ya chini, kama 800 na 900, ambayo ndiyo husafiri mbali na kufaa vijijini, mnara unasema kwa masafa yake na simu inajibu kwa masafa mengine. Kwa hiyo mnara kusikia vizuri sauti ya simu hakuuambii vya kutosha jinsi sauti yake yenyewe inavyofika huko. Ni simu tu inayojua. Lazima simu iseme.

Jibu la biti nne

Lakini simu haiwezi kueleza kila kitu. Kueleza njia ya kila antene kwa usahihi wote kungekula nafasi ambayo ingebeba sauti na data za wateja, na betri ya simu ingeisha upesi. Njia ya kutokea iliyopatikana ni rahisi kushangaza. Mnara na simu vinakubaliana mapema juu ya orodha moja ya mipango. Simu inapima, inatazama ni mpango upi katika orodha unaoifaa zaidi, kisha inatuma namba ya mpango huo tu. Wahandisi huita jambo hilo mrejesho mdogo.

Katika kanuni za 4G zilizotolewa na 3GPP kwenye toleo la 8 la mwaka 2008, kwa mnara wenye antene mbili zinazotuma mkondo mmoja, orodha ina mipango 4: simu inajibu kwa biti 2. Kwa antene nne, orodha ina mipango 16: simu inajibu kwa biti 4. Biti ni jibu dogo kabisa, ndiyo au hapana. Majibu manne ya ndiyo au hapana, na mnara unajua ugeuze antene zake namna gani.

Je, biti 4 zinatosha? Hesabu inasema zinatosha kwa mengi. Mawimbi yanapofika yakiwa yametawanyika, jambo la kawaida katika nchi ya milima na nyumba za bati, orodha ya mipango 16 inaokoa zaidi ya nusu ya faida ambayo antene nne zingeleta kama mnara ungejua kila kitu. Mwaka 1998, Aradhana Narula na wenzake walikwisha kuonyesha kwamba habari kidogo kutoka kwa mpokeaji ina thamani kubwa. Mwaka 2003, David Love, Robert Heath na Thomas Strohmer walieleza jinsi ya kutengeneza orodha yenyewe: mipango iwekwe mbali iwezekanavyo mmoja na mwingine, ili popote simu ilipo isikose mpango ulio karibu na hali yake. Mwaka huo huo kundi lingine la watafiti lilifikia matokeo yanayofanana na hayo. Hesabu waliyoitumia Love na wenzake inarudi hadi kwa Mjerumani Hermann Grassmann wa karne ya 19, mtu ambaye hakuwahi kuona simu.

Jambo la kushika hapa ni la vitendo. Simu ya 4G ya bei nafuu inayouzwa sokoni imeundwa kuijua lugha hiyo. Haihitaji 5G. Na mahali ambapo mnara tayari una antene mbili za kurushia, kutumia jibu la simu kuhusu mwelekeo ni suala la mpangilio wa programu zaidi kuliko la chuma kipya. Kanuni zinaruhusu pia mnara kufanya kazi bila kusubiri jibu hilo, na kuna hali ambapo hiyo ndiyo njia bora. Lakini mteja anayelipa ana haki ya kujua kama mnara wa kwao umepangwa kwa kufikiri au umeachwa jinsi ulivyotoka kwenye sanduku.

Kupiga kelele si kusikilizana

Mtu atasema: kwa nini kusumbuka na biti, si waongeze nguvu tu? Kwanza, nguvu ni pesa. Mahali ambapo hakuna waya wa umeme, mnara unaishi kwa nishati ya jua na betri, au kwa jenereta na mazutu yanayopandishwa kwa gari kwenye barabara ambazo mvua inazikata. Kila wati inayorushwa mahali ambapo hakuna mtu ni mazutu yaliyochomwa bure, na gharama hiyo mwishoni inaingia katika bei ya mega.

Pili, mjini nguvu peke yake haisaidii. Katika mji wenye watu wengi kama Goma au Bukavu, mnara wenye antene nne unaweza kuwahudumia watu kadhaa kwa wakati mmoja na kwa masafa yale yale, kila mmoja akielekezewa sehemu yake. Hapo jibu la simu likiwa la kukadiria mno, mawimbi ya huyu yanamwagikia kwa yule. Mwaka 2006 Nihar Jindal alitoa kanuni ambayo kila kiongozi wa sekta hii angepaswa kuielewa: kwa mnara wenye antene nne unaohudumia watu wanne pamoja, kila mara nguvu inapoongezwa maradufu, kila simu inapaswa kuongeza biti 3 hivi kwenye jibu lake. Nguvu ikiongezwa na jibu likabaki lile lile, fujo inapanda pamoja na ishara, na inafika mahali ambapo nguvu ya ziada haileti kitu.

Maana yake ni wazi hata kwa asiyependa hesabu. Mnara unaopaza sauti bila kusikiliza unafanana na soko ambapo kila muuzaji anapiga kelele zaidi ili amzidi jirani yake. Mwishoni hakuna anayesikika.

Ambapo biti hazisaidii

Haki inataka mipaka ya jambo hili isemwe. Biti nne hazitoboi mlima. Kijiji kilicho nyuma ya kilima, ambako hakuna wimbi linalofika, hakitaokolewa na orodha yoyote. Kinahitaji mnara wake. Vita na uporaji wa vifaa pia haviponywi na hesabu. Mafundi wasipoweza kufika kwenye mnara kwa sababu ya risasi, antene bora na antene mbaya zote zinazimika pamoja.

Halafu kuna mwendo. Mtu anayetembea kwa miguu na mzigo wake kwa kilomita 4 kwa saa anatumia zaidi ya sehemu ya kumi na nne ya sekunde kuvuka nusu ya wimbi la megahezi 1800. Jibu la simu yake bado lina maana linapofika kwenye mnara. Motari anayekimbia kilomita 60 kwa saa anaivuka nusu hiyo kwa elfu 5 za sekunde. Jibu lake mara nyingi limekwisha kuchacha kabla halijatumiwa, na kwake mnara unapaswa kutumia njia nyingine isiyotegemea mwelekeo.

Na kuna simu yenyewe. Simu ndogo ya vitufe ya 2G haina lugha hii kabisa. Mama anayepokea pesa zake kwa simu ya namna hiyo hatafaidika moja kwa moja hata mnara ukiwekewa antene nane. Kwa hiyo sera ya rezo ambayo haigusi bei ya simu ya 4G, pamoja na kodi zinazotozwa mpakani, ni sera ya nusu.

Habari ambayo tayari ipo

Lakini jibu la simu lina faida ya pili, na ni hapa ambapo jambo linageuka kutoka kwa wahandisi na kuwa la raia. Pamoja na namba ya mpango, simu ya 4G inayotumia data inatuma namba nyingine, kuanzia 0 hadi 15, inayosema hali ya mawimbi inayoyapokea. Sifuri maana yake hali haifai. 15 maana yake ni nzuri sana. Hizo nazo ni biti 4, na zinaweza kutumwa mara nyingi katika sekunde moja. Mnara unazihitaji ili uchague mwendo wa kutuma data. Kompyuta za kampuni zinaweza kuzijumlisha, kwa kila antene ya kila mnara.

Yaani kipimo cha rezo ya Masisi, Fizi, Mambasa au Kabambare hakihitaji kubuniwa. Hakuna haja ya kutuma ujumbe kutoka Kinshasa na magari ya kupimia. Wateja wenyewe wanapima kutwa kucha, bila kujua, kwa betri zao na kwa pesa zao. Kinachokosekana ni amri ya kuweka hesabu hiyo wazi.

Kwa kawaida, maendeleo ya rezo hutangazwa kwa idadi ya minara na kwa asilimia ya watu waliofikiwa. Vipimo hivyo vinasema chuma kimewekwa wapi. Havisemi kama mtu aliye chini ya chuma hicho anasikia. Mnara unaoonekana kwenye ramani na unaozimika saa tatu usiku, au unaowafikishia watu wake namba 2 badala ya 10, unahesabiwa sawa na mnara mzuri.

Sheria ya mawasiliano ya tarehe 25 Novemba 2020 inaipa ARPTC kazi ya kusimamia sekta, na inataja mfuko wa huduma kwa wote kwa ajili ya maeneo yaliyosahauliwa. Njia ya kisheria ipo. ARPTC iziagize kampuni kutoa, kila mwezi na kwa kila wilaya, mambo manne: wastani wa namba hiyo ya 0 hadi 15 pamoja na sehemu ya majibu yaliyo chini kabisa, saa ambazo kila mnara ulikuwa umezimika, idadi ya simu zilizokatika au zilizoshindwa kuanza, na antene ngapi za kurushia zipo na kama jibu la simu kuhusu mwelekeo linatumiwa.

Saa za kuzimika na simu zilizoshindwa ni lazima ziwe ndani, kwa sababu namba ya 0 hadi 15 ina udanganyifu wake. Aliye nje kabisa ya rezo hatumi biti yoyote. Kimya chake hakiingii katika wastani. Kampuni inayozima mnara mbovu inaweza kuona wastani wake ukipanda, huku kijiji kizima kimebaki gizani. Kwa hiyo ramani ya vijiji vilivyo kimya, ikitengenezwa pamoja na machifu na mashirika ya raia, iandamane na hesabu hiyo.

Kampuni zitasema hizo ni siri za biashara. Lakini masafa ni mali ya taifa; kampuni zinayatumia kwa leseni. Mwenye kukodisha shamba ana haki ya kuuliza mavuno. Na kampuni inayofanya kazi vizuri katika mazingira magumu ya mashariki ingepata kwa hesabu hiyo ushahidi ambao hakuna tangazo la barabarani linaloweza kuutoa.

Pingamizi la usalama lina uzito zaidi. Katika eneo lenye vita, habari yoyote ya simu inaweza kugeuzwa silaha. Ndiyo maana hesabu itolewe kwa wilaya na kwa mwezi, bila namba ya simu, bila jina, bila mahali alipo mtu. Biti 4 zilizochanganywa na mamilioni ya nyingine hazimwonyeshi yeyote.

Hofu hiyo si ya bure, kwa sababu wakaaji wana kumbukumbu. RAM, ile tozo ya rejesta ya simu iliyoanza mwaka 2020, ilikuwa ikikatwa kwenye kredi ya mtu bila kumuuliza, hadi ilipoondolewa mwaka 2022 baada ya malalamiko na maandamano. Watu walilipa, na hawakuona rezo yao imebadilika nini. Mpango wowote mpya unaogusa simu za wananchi unapaswa kuanza kinyume cha pale: kusiwe na franka moja ya kulipa, na matokeo yawe wazi kwa kila mtu.

Kinachopimwa mwishoni ni maisha

Huu si mjadala wa starehe ya wanaotazama video. Ugonjwa wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 katika Kivu ya Kaskazini, na kufika pia Ituri, ulimalizika tarehe 25 Juni 2020 baada ya kuua watu zaidi ya 2,200. Katika ugonjwa wa namna ile, muda kati ya mgonjwa wa kwanza kijijini na habari kumfikia daktari wa eneo la afya ni muda wa maambukizi. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, na siku tano baadaye sehemu ya mji wa Goma iliamriwa kuhama. Amri kama hiyo inamfikia mtu kwa redio, kwa mdomo wa jirani au kwa simu. Mwalimu anayelipwa kwa simu, muuguzi anayeomba gari la wagonjwa, familia iliyotawanywa na vita inayotafutana, wote wanategemea yale mawimbi kupanda pamoja.

Minara mipya itahitajika, na 5G ina mahali pake, hasa katikati ya miji mikubwa. Lakini kabla ya sherehe nyingine ya kukata utepe, wabunge wa majimbo ya mashariki wanaweza kuuliza ARPTC maswali mawili yasiyohitaji bajeti. Minara iliyopo inatumia majibu ambayo simu zinaipa? Na majibu hayo, kwa wilaya ya Shabunda, kwa wilaya ya Djugu, kwa wilaya ya Kalehe, yalikuwa namba ngapi mwezi uliopita?